Vichwa Thelathini vya Pitsiula

Shemeji yangu Pitsiula, mjane wa kaka yangu, ana kasoro moja na nimeshamwambia usoni: hajui kumpa mtu kitu nusu.

Yeye ndiye katibu wa kamati ya wavuvi hapa kijijini kwetu, huku kaskazini kwenye barafu. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiiomba serikali ituruhusu kuuza samaki wa ziwa la juu. Mwaka huu wakajibu: sawa, lakini kwanza tujue samaki hao wana umri gani, msije mkalimaliza ziwa. Vueni thelathini, wapimeni, mtuletee vijiwe vya masikio yao. Maana ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo kuliko punje ya mchele, na wataalamu huvikata wakahesabu pete zake, pete moja mwaka mmoja. Vije na ndege ya Ijumaa. Akikosekana samaki mmoja, tungoje mwaka mwingine.

Pitsiula akapanda ziwani, akatoboa barafu, akatega wavu, akapata thelathini. Akawapima, akawapa namba, akaandika daftarini. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa vijiwe tu.

"Vichwa viko wapi?" nikamwuliza Alhamisi asubuhi.

"Nimegawa."

"Umegawa vichwa?"

"Nimegawa samaki. Ni mavuno ya kwanza, shemeji. Ulitaka niwafungie kwenye friza?"

"Si ungegawa miili, vichwa ukabaki navyo!"

Akaniangalia kama niliyemtukania mama. "Nimpelekee mtu mzima samaki asiye na kichwa? Wewe ungempelekea baba yako?"

Nikafyata mkia. Kwetu kichwa ndicho chakula, mwili ni wa kushibia tu. Tena mimi ninayegomba hivyo, namba kumi na mbili nilikuwa nimeshammaliza jana yake, nikianzia kichwani, macho na yote. Vijiwe vilikokwenda sijui.

Akakimbilia redio ya kijiji. "Halo, Pitsiula hapa. Jamani, msitupe mifupa ya vichwa! Nakuja mwenyewe!"

Simu ya kwanza kuingia redioni ikawa ya bibi Aaluk. Kijiji kizima kikamsikia. "Pitsiula mwanangu, ahsante. Kichwa kilikuwa na mafuta, we acha tu! Mifupa nimempa mbwa."

"Mbwa yupi, bibi?"

"Yule mweupe."

"Mfungeni! Asitoke nje!"

Nikawasha pikipiki ya theluji, tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Daftari hakulifungua hata mara moja. "Wewe nilikupa yule mwenye mkia uliochanika, namba ishirini na moja," anamwambia mtu mlangoni, na kweli, ndiye. Watu wazima wakapiga magoti sakafuni wakichambua takataka kwa vijiko. Vyangu tulivipata chini ya jiko, na Pitsiula akanisema nisafishe nyumba. Bibi Aaluk alishinda nyuma ya mbwa wake na kijiti mkononi. Ijumaa alfajiri yule mbwa alitoa alichokula, na zaidi ya hapo sisemi, hata sisi tuna staha zetu.

Saa nne asubuhi tulikuwa na vijiwe vya samaki ishirini na tisa. Amebaki namba thelathini, mkubwa kuliko wote, na huyo alikwenda kwa baba yangu, mzee Qillaq. Pitsiula alimwacha wa mwisho kwa woga. Mkwe hamwulizi baba mkwe habari za chakula chake, na mzee wangu kwa ukali hana mfano. Tunaingia kwake, na ndege tunaisikia inatua.

"Baba, vijiwe!" nikasema mimi.

"Sikukuuliza kitu, wewe."

Akajikokota mpaka ukumbi wa baridi, kule anakoweka nyama, akarudi na kichwa cha samaki kimeganda, kizima, hakijaguswa. Akakiweka sakafuni mbele ya Pitsiula.

"Siku ulipogawa samaki nilikaa dirishani nikihesabu milango uliyobisha," akamwambia. "Thelathini. Kijiji hiki kina nyumba thelathini na moja. Juzi ulikula nini, mwanangu?"

Pitsiula akatazama viatu vyake. "Chai na biskuti, baba."

Maskini mimi! Nyumba yangu na yake zinatazamana. Nilimla samaki wake mpaka macho na sikumwuliza.

"Kaa, ule," mzee akasema.

"Baba, ndege..."

"Ndege haifi njaa. Kula. Vijiwe utavitema."

Akakaa sakafuni, akashika kisu, akaanza kubandua nyama ya shavu, mbichi na barafu yake, kama tulavyo kwetu. Anatafuna, machozi yanamtoka. Mimi nimesimama mlangoni namwashiria rubani kwa mikono miwili angoje. Nikarudi kumkingia kiganja, akatema kijiwe cha kwanza, kisha cha pili. "Thelathini," akasema, mdomo umejaa.

Nilikimbia mpaka uwanjani nikipiga kelele. Niliporudi, baba alikuwa anamimina chai, baba ambaye tangu nizaliwe sijamwona akimmiminia mtu. Pitsiula alikuwa bado anakula. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nisamehe, shemeji."

"Vijiwe vimepanda ndege?"

"Vimepanda."

"Basi sogea, unanizibia mwanga. Nakula."