Fari ya Bandari Yetu na Giza la Misiera

Niliondoka Misiera, kijiji chetu cha wakimbizi huku Uganda, kwa sababu ya mwanangu Bahati, mvuvi wa ziwa hili la Nakivale. Usiku mmoja juma lile alikosa kilango cha kupita kwenye mafunjo, akalala ndani ya mtumbwi, viboko wakikoroma kando. Na ufukoni kila nyumba ilikuwa na taa ya sola! Nikasema sitangoja maiti. Naenda Mbarara kwa Mzee Lubunga, aliyetunza fari ya bandari yetu kule ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ule mnara wa taa wa mlango wa bandari.

Asubuhi nikapanda boda hadi barabara kubwa.

"Jaja, bibi yangu, shika vizuri," akasema mwenye boda.

"Shika wewe. Mimi nimekaa."

Mbarara nikafika mchana. Binti wa mzee akanipa chai ya maziwa. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, lakini nilipotaja fari alinyoosha mgongo kama askari.

"Mwanzo ilikuwa moto juu ya jiwe, dada. Banamuke ndio balikuwa banawasha, kila mwenye mutu yake ku maji. Kisha Leta, ile serikali, ikajenga mnara mweupe, nikapewa kazi. Vita ikavunja vioo. Tukarudia jiwe, na chungu ya mawese."

"Na hukukimbia?"

"Nikimbie namna gani? Mitumbwi ilikuwa ingali inje."

Watu wa namna hii wamebaki wachache.

Nikamweleza shida yetu: kila mama anaweka taa mlangoni ili bwana wake aione. Akacheka hadi akakohoa.

"Kila mumoja anaita wake! Mutumbwi ufuate nani? Kwetu, jua likizama, madirisha yote ya ku ziwa yalifunikwa. Taa moja tu, fasi ya mulango ya bandari."

"Hata bibi ya shefu wa kijiji?"

"Yeye ndiye nilimugombeza wa kwanza!"

Hapo nikamkumbuka mama yangu, akitundika kitenge dirishani kila jioni. Nilidhani anazuia mbu.

Jioni nilishuka Misiera, nikaenda moja kwa moja ufukoni, mfuko ungali begani. Mimi na wanawake wenzangu tukatundika taa moja juu ya mti, penye kilango. Zingine nikaamuru zifunikwe. Jirani yangu Mrundi, Mama Shantali, akakataa.

"Bwana yangu ataonaje nyumba yake?"

"Kwanza aone nchi kavu. Nyumba utamwonyesha wewe."

Wanawake wakacheka, naye akavua kitenge cha begani akakitundika dirishani.

Miaka yote nilisifu mnara wetu. Madirisha sikuyasifu hata siku moja, na bila giza lao mnara ungemwita nani?

Tukasikia kasia. Mtumbwi ukapita kilangoni umenyooka.

"Nani amezima kijiji?" Bahati akapiga kelele.

"Mama yako. Ingia."