Tulipolilisha Debe

Juzi jirani yangu mpya alimwagia maji vumbi la makaa uani kwake, na harufu ikanifikia nikiwa naanika nguo. Sijui kama unaifahamu. Si ya moshi, wala si ya majivu. Ni harufu ya kitu kilichokwisha kuungua mara moja na sasa kinalazimishwa kuungua tena, baridi kama chuma na nzito kama udongo wa kichuguu. Siku hizi wengi hapa Tabora wanapikia gesi, na wasio na gesi hununua makaa mazima, kwa hiyo nilikuwa sijainusa kwa muda mrefu. Nilisimama na shati mkononi likinidondoshea maji miguuni, nikarudi moja kwa moja kwenye ule mwaka wa kubana.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia kufa nikiwa madarasa ya chini. Mama, ambaye tulimwita mayu kama Wanyamwezi wengi, alimfuata mwanzoni mwa kiangazi nikiwa darasa la sita, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Aliniachia mapacha, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Aliniachia pia nyumba ya vyumba viwili ya matofali mabichi pembeni mwa mtaa wa Ng'ambo, gunia la mahindi, vikapu vya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, na debe la karanga lenye mfuniko wa kubana.

Siku ya mazishi, jirani yetu Bi Mwajuma alilala kizingitini akaziba mlango. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Akasema marehemu hatoki mpaka alipwe kuku, maana tangu lini msafara wa Wanyamwezi ukapita bila kutoa hongo ya njia. Watu waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao, mjomba mmoja akakimbilia kuku, na Bi Mwajuma akainuka akijikung'uta vumbi. Nilimwona kichaa. Sikujua bado kwamba alikuwa akitimiza wajibu. Yeye alikuwa Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli, na Wazaramo ni watani zetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo kwenda pwani kwa miguu. Mtani hukutukana, hukunyang'anya, hukucheka hata msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Alituita wapagazi. Sisi tukimweza tulimwita mla chaza.

Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa kutugawa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alitoka Puge ambako alilima na kufuga, na ndiye aliyesema. Kulwa aende kwa mjomba, Doto kwa shangazi kule Ziba, Shija amchukue yeye, na mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi hapa mjini. Alitutaja kwa upole kama mtu anayepanga vyombo. Mimi, ambaye sikuwahi kumkatalia mtu mzima, nikasema hapana.

"Utawalisha nini?" akauliza.

"Tulivyonavyo."

"Haya. Mvua za kwanza nitarudi. Nikikuta chakula ndani, mtakaa pamoja. Nikikuta vyungu vitupu, nawagawa, na usinililie."

Nilimshika neno. Ila yeye alisema chakula, na mimi nilisikia debe.

Shule niliacha wiki ileile. Madaftari yangu nilimuuzia mama wa maandazi akafungie bidhaa yake, na kwa siku kadhaa niliona hesabu zangu zikipita barabarani zimelowa mafuta. Nilipata vibarua vya kufua na kupalilia bustani za watu. Pamoja na hayo, nilianza kubana. Mayu alikuwa na msemo wake, akiba haiozi, na niliushika kama amri ya kanisani.

Njiti ya kiberiti nilikuwa naipasua kwa wembe, ikawa mbili. Mche wa sabuni niliukata kwa uzi, vipande nikavipanga juu ya kenchi vikauke na kuwa vigumu kama mfupa, maana sabuni iliyokauka haiishi upesi. Chumvi niliiyeyusha kwenye chupa na kutoboa kifuniko kwa msumari, ili mtu asichote kwa vidole. Mafuta ya taa yaliwashwa wakati wa kula tu, tena tulikula haraka, Kulwa akisema tunakula kama watu wanaofukuzwa. Hatukununua makaa. Bi Mwajuma alikuwa muuza makaa, na uani kwake magunia yaliacha vumbi jeusi ambalo alituruhusu tulifagie.

"Fagieni, wapagazi, msiache hata chembe," alikuwa akisema, ameketi kwenye kigoda chake. "Kesho mtaniombea hata kivuli cha makaa."

Vumbi lile tulilichekecha kwa kipande cha chandarua, tukalichanganya na udongo wa kichuguu, tukafinyanga madonge na kuyaanika. Harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye mashuka, hata kwenye maji ya kunywa. Doto aliogopa kwamba tukitoka jasho litakuwa jeusi. Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu hatukucheka mara nyingi.

Chakula chetu kikawa michembe iliyochemshwa kwa maji matupu, na uji mwepesi. Kila Mnyamwezi anajua kwamba michembe huliwa na karanga za kutwanga, ndipo inaposhuka vizuri na kuushika mwili. Mayu hakuwahi kutupa michembe mitupu. Lakini karanga zilikuwa ndani ya debe, na debe lilikuwa la baba mkubwa, yaani la kumwonyesha. Kila jioni nililigonga kwa kiungo cha kidole. Sauti yake nzito, isiyo na mwangwi, ilinituliza kuliko sala. Mahindi nayo niliyagusa kwa uchungu. Mapacha walijifunza kutouliza. Walishinda mchana kutwa porini wakichuma matunda ya furu na kuokota chochote kilicholika, wakarudi na midomo myeusi.

Shija hakuweza kwenda porini. Alikaa nami.

Kiangazi kilipokuwa kikali, upepo ukivumisha majani makavu mpaka ndani ya nyumba, Bi Mwajuma alianza tabia ya kusimama kwenye ua wa mabua na kunipigia kelele kuhusu lile debe. Mpagazi, fungua debe tutafune karanga. Mpagazi, mzigo wa chakula haubebwi, unaliwa. Mpagazi, mpe huyo mtoto karanga, au unamngoja Mwarabu aje kuchukua mzigo wake? Nilimjibu kiutani kama nilivyojifunza, kwamba mla chaza hajui utamu wa karanga, arudi baharini kwao. Moyoni niliona ana tamaa. Niliona anataka kutufilisi, kisha baba mkubwa aje akute vyungu vitupu.

Wakati huohuo Shija akaanza kunenepa.

Mashavu yake yalijaa. Miguu ikawa mizito na laini, macho yakazama kidogo kwa unono. Nywele zake zikapoteza weusi, zikawa za rangi ya kutu na nyepesi kama za mahindi mabichi, na nikadhani ni jua. Alikuwa ameacha kulia. Ukimkalisha mlangoni asubuhi ungemkuta palepale mchana, mkono ukiwa ulipouacha. Niliwaambia mapacha, mnaona, kumbe mtu anaweza kunenepa kwa kidogo. Nilijivuna. Nilimbeba mgongoni nikienda kufua ili watu wa Ng'ambo waone kwamba watoto wa marehemu hawajalala njaa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, na kesho yake baba mkubwa akafika na mkewe. Mama mkubwa alikuwa mtu wa Kigoma, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekuwa hajawahi kufika kwetu. Tukawaamkia, wakaitikia, nikawakaribisha viti vya kuazima. Kisha sikungoja kuulizwa. Nilimwonyesha baba mkubwa gunia, nikamwonyesha vikapu, nikalifungua debe. Lilikuwa limejaa hadi shingoni. Aliingiza mkono, akaziacha karanga zimwagike kati ya vidole, akatikisa kichwa taratibu.

"Binti huyu ni mwanamume," akamwambia mkewe.

Nilishinda. Sijawahi kusikia utamu kama ule tangu hapo. Kulwa na Doto walikuwa wamesimama ukutani, wameshikana mikono kama nilivyowafundisha, na niliona mabega yao yakishuka.

Ndipo Bi Mwajuma akaingia bila hodi, khanga kiunoni, mikono imejaa weusi wa makaa.

"Kumbe mkuu wa wapagazi amefika," akasema. "Umeuona mzigo? Wanyamwezi nyinyi watu wa ajabu. Debe limenona, mtoto amevimba maji. Hapa hawalishani, wanalilisha debe."

Baba mkubwa alicheka mpaka akajipiga paja. Akamjibu kwamba Wazaramo hula kila kitu siku ya mavuno kisha hucheza ngoma na njaa. Bi Mwajuma akamuuliza kama amemletea mtani wake hata kuku. Wakaendelea hivyo, wakirushiana, na mimi nikacheka nao, maana ilikuwa adabu.

Mama mkubwa hakucheka. Kwao hakukuwa na utani na Wazaramo, na hakuna aliyemweleza. Yeye alisikia mtu mzima akisema mtoto amevimba maji. Aliinuka, akaenda mlangoni alipokaa Shija, akachuchumaa. Alimshika mguu, akaubonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Sote tulilitazama. Lilibaki kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

Kicheko kilikatika chenyewe. Mama mkubwa alimfunga Shija mgongoni kwa khanga aliyokuja nayo, akamwambia mumewe maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri, ila nilisikia maziwa. Nililia, nikamkumbusha baba mkubwa ahadi yake, kwamba chakula kimo ndani, kwamba amekiona kwa macho yake. Alisema nyinyi watatu mtabaki. Hakunitazama aliposema. Waliondoka kabla jua halijashuka, na Shija hakugeuza shingo kutuangalia. Hakuwa na nguvu ya kugeuza.

Jioni ile tulilimimina debe. Juu karanga zilikuwa nzima. Chini kabisa zilikuwa zimefukuliwa na wadudu, zimegeuka unga wenye uchungu. Tulitwanga zile nzima, tukala na michembe mpaka matumbo yakatuuma.

Bi Mwajuma nilimchukia. Kwetu mtani halipiziwi kisasi kwa ngumi wala kwa matusi, kwa sababu matusi ndiyo chakula chake. Nilimpa kilicho kibaya zaidi. Nilimnyima utani. Akiniita mpagazi nilimjibu shikamoo, kwa heshima, kama mtu nisiyemjua. Aliendelea kidogo, akirusha maneno juu ya ua kama mtu anayerusha mawe kisimani bila kusikia maji. Kisha akaacha. Akawa anaitikia marahaba, basi. Miaka ikapita hivyo, shikamoo na marahaba, nyumba mbili zinazotenganishwa na mabua. Vumbi la makaa aliendelea kuliacha uani, na mapacha waliendelea kulifagia. Mimi sikukanyaga tena.

Nilikuwa mtu mzima, na mapacha wameshaanza kujitegemea, Bi Mwajuma aliposhindwa kutoka kitandani. Hakuwa na ndugu hapa. Nilimpelekea uji, kwanza kwa sababu watu wangesema, baadaye kwa sababu nilizoea. Siku moja nikimshikia kikombe nilimuuliza kama siku ile alikuwa anatania.

Alijua siku ipi. "Mzigo huo umeubeba mpaka leo?" akasema. "Kweli babu zako walikuwa wapagazi."

Alikunywa kidogo, akapumzika. Uso wake ukabadilika.

"Nilikuambia mpe karanga, ukanifanya mlafi. Ningemwambia mzee wako kwa adabu, angesema mwanamke wa pwani anawachongea yatima. Sasa mtani anachongea? Mtani hashtakiwi. Nilisema mbele yao wote, nikaomba Mungu apatikane hata mmoja asiyejua kucheka."

Nilimfuta mdomo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye maji ya kufulia. Kubana hakukuwa kosa. Kuliwalea mapacha hadi wakawa watu, na hata leo sabuni naikausha. Lakini mtoto wa umri ule hajui kwamba akiba ina mdomo, na kwamba usipoangalia italishwa kabla ya walio hai. Baba mkubwa aliuliza kama kuna chakula ndani. Mimi nilijibu swali lake vizuri sana. Hakuna aliyeuliza nani anakila, isipokuwa mtu mmoja, naye aliuliza kwa lugha tuliyofundishwa kuicheka.

Shija hakufa. Alikunywa maziwa Puge, miguu ikapungua, nywele zikarudi nyeusi. Waliomponya walimkuza, na mama mkubwa ndiye mama anayemjua. Kiangazi kilichopita alikuja mjini kununua mbegu, mwanamume mwenye mabega, akapita kwangu kwa kuelekezwa na watu njiani. Aliniamkia kwa Kinyamwezi chema kuliko changu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimpakulia michembe yenye karanga nzito, sahani imejaa, akala yote. Kisha akanawa mikono, akainuka, akanishukuru kama mtu anavyoshukuru kwenye nyumba ya watu.