Mama wa Kupindua Makopo

Mwenye duka alimjua kwa kidole gumba kabla hajamzoea sura. Yule mama wa chama cha kutetea walaji hakununua kitu bila kukipindua. Kopo la maziwa ya unga aliligeuza kichwa chini miguu juu, akapitisha gumba taratibu kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi huku midomo ikisoma bila sauti, kisha akalitikisa sikioni, utadhani maziwa yatamsengenya mwenye duka. Zamani wateja walimcheka. Siku hizi duka zima linapindua makopo, hata shemeji yake mwenye duka, mtu wa kubeba chochote mradi ni rahisi. Akiingia tu yule mama, mwenye duka roho juu.

Jana yule mama alipapasa kifuani, miwani haikuwepo. Akalisogeza kopo la maziwa mbali, akalileta puani, akakodoa macho weee, wapi! Nyuma yake wateja walisubiri, kila mmoja na kopo lake mkononi. Mwenye duka alijua fika kwamba lile limepitwa na muda. Mwenyewe alilipanga mbele asubuhi ile ile, liondoke haraka. Ilitosha anyamaze tu. Lakini yule mama akamkabidhi kopo kwa mikono miwili.

"Nisomee, mwanangu. Wewe nakuamini."

Mwenye duka akalipindua. "Limeisha muda, mama."

Mteja aliyekuwa nyuma ya mama akasogea, akanyoosha la kwake.

"Basi na mimi nisomee."