Ngome ya Mbao na Shuka Fupi

Ngome ilijengwa na Wazungu wa televisheni mwishoni mwa miaka ya sabini, juu ya kilima cha mawe upande wa njia ya kwenda Oldonyiro, na baba yangu ndiye aliyebeba mbao zake. Alikuwa na lori moja kuukuu ambalo siku nyingine zote lilibeba mbuzi na ng'ombe wa mnadani. Kwa wiki kadhaa likabeba mbao, magunia na plasta, na likirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, jioni lilikuwa halinuki mavi ya ng'ombe. Mama alisema hilo peke yake lilimtosha kuwapenda Wazungu hao.

Baba aliponichukua kwenda kuiona, nilikuwa na miaka kumi na minne na shule zilikuwa zimefungwa. Kutoka barabarani niliiamini kabisa. Kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe ya kijivu, minara miwili, na lango kubwa ambalo lori lingepita bila kukwaruza, kama ngome zile za kale za Ulaya zilizochorwa katika kitabu chetu cha historia. Kisha baba akanizungusha nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Kulikuwa na boriti zilizoegemezwa, misumari iliyotokeza, na magunia yaliyochovywa plasta yakapigwa rangi ya jiwe.

"Hii yote naweza kuangusha na lori, nikirudi nyuma tu," baba akasema, na akacheka.

Mimi sikucheka. Nimekuwa mtu wa kuudhika haraka tangu utotoni, na siku hiyo niliudhika kwa kuonyeshwa nyuma kabla sijashiba mbele.

Hadithi yenyewe, kama mkalimani wao alivyotueleza, ilikuwa ya zamani sana. Wazungu wa kuvaa chuma walikuwa wamevuka bahari kwenda nchi za Waarabu kuiteka ngome hiyo, na mwenye ngome alikuwa Mwislamu aliyekataa kuitoa. Ndiyo maana walitaka vilima vyetu vikavu, na ndiyo maana walitutaka sisi Waislamu. Babu zetu waliletwa Isiolo na Waingereza wakiwa askari. Sasa wajukuu zao, wenye maduka na malori, wakafungwa vilemba na kupewa mapanga ya mbao. Wanaume wa mtaa wetu walitaniana mwezi mzima kwamba wameandikishwa tena, na safari hii hata pensheni hakuna.

Baba alikataa kilemba. Alisema yeye ni wa lori. Lakini yule mwigizaji aliyetoka kwao kuja kuwa mwenye ngome alipigwa na jua, akaharisha siku tatu, na ikabaki sehemu moja haijapigwa picha: mwenye ngome amekufa, anatolewa langoni juu ya jeneza, kile kitanda cha kubebea maiti, uso ukiwa wazi, ili maadui zake wamwone na waamini. Walihitaji mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu za kuanza mvi. Mkalimani akamtazama baba, ambaye alikuwa akifunga turubai la lori, kisha akamwita Mzungu mkubwa naye amtazame.

Baba asingekubali. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia shuleni watanionea wivu wote, nilimwambia ni kulala tu, nilimwambia kila kitu kinachoweza kutoka kinywani mwa msichana wa miaka kumi na minne. Akakubali kwa sababu hakuwahi kuninyima kitu nikikitaka sana. Nami nikaingizwa katika kundi la wanawake waliopaswa kusimama langoni wakilia.

Wakampaka unga usoni akawa mweupe wa kijivu. Wakamlaza juu ya jeneza na kumfunika shuka jeupe mpaka kifuani. Shuka lenyewe lilikatwa kwa kimo cha yule mwigizaji mgonjwa, na baba alimzidi.

Mara ya kwanza kupiga picha, walioharibu ni wachungaji. Walikuwa wanne, wakipita chini ya kilima na mbuzi wao, hawajui habari ya televisheni wala ya Wazungu wa chuma. Waliona jeneza linatoka. Kwetu jeneza likipita mbele yako, unaacha ulichoshika unaenda kutia bega, hata kama humjui maiti. Wakaacha mbuzi, wakapanda mbio, wakawaondoa wabebaji wawili na kuingia wao, fimbo zao zikiwa bado mikononi, na mmoja akauliza kwa upole marehemu alikuwa wa ukoo gani. Maiti akajibu mwenyewe, kwa sauti. Yule mchungaji nusura aangushe upande wake.

Mara ya pili walioharibu ni wabebaji wenyewe. Mzungu alitaka waende polepole, kwa huzuni. Wanaume wa mtaa wetu walijua jeneza moja tu, linalokimbizwa kwa sababu maiti hacheleweshwi. Walitoka langoni kwa mwendo wa haraka mpaka mwenye kamera akabaki nyuma. Wakaambiwa. Wakaitikia vizuri kwa vichwa, wakaenda haraka tena.

Mara ya tatu walienda polepole. Na kwa kuwa walienda polepole, jeneza lilisimama mbele yangu kwa muda wa kutosha.

Nilimwona baba. Midomo ilikuwa haina rangi. Inzi wawili walitembea kwenye unga kando ya jicho lake na yeye hakutikisika, kwa maana alikuwa mtu anayefanya kazi yake sawasawa. Mtaa mzima ulikuwa unamkodolea macho. Nilishikwa na hofu, na hofu ikageuka hasira, kama kawaida yangu. Nani alisema watu wamwangalie hivyo? Maiti wetu hatembezwi uso wazi kama kichwa cha mbuzi buchani. Nikatoka katika kundi la wanawake, nikalivuta shuka kutoka kifuani, nikamfunika uso.

Wabebaji wakaendelea kutembea. Naona hata wao walipumua.

Niliogopa kugombezwa, lakini jua lilikuwa linashuka na Mzungu alikuwa amechoka na sisi. Aliongea na mwenye kamera, akainua mabega. Mkalimani akatuambia basi, imetosha. Baba akaketi juu ya jeneza, akajifuta unga kwa lile shuka. "Umeniokoa na inzi," akaniambia.

Mama alipata habari kabla hatujafika nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwani umechoka kuishi?" akamwuliza. "Mtu mzima analalaje kwa jeneza na bado anapumua?"

"Ni kazi tu hiyo," baba akasema. "Siku wakionyesha kwa televisheni utaniona. Si kila siku unalia ati huoni uso yangu kwa hii nyumba?"

Usiku wa kila Alhamisi, baba akiwa nyumbani, mama alimpaka samli kwenye nyayo zilizopasuka kwa safari, na wiki hiyo alimpaka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, lori lilichukuliwa na maji katika laga moja upande wa Oldonyiro. Laga ni mto wa mchanga, mkavu mwaka mzima, mpaka mvua inyeshe mbali ambako huioni na maji yaje yote pamoja. Baba alipatikana siku ya tatu. Wanaume waliompata walimwosha na kumzika palepale, jioni hiyohiyo, kama inavyotakiwa. Wanawake hawaendi makaburini. Tulichopata sisi ni salamu na kiatu kimoja.

Kitambulisho na leseni vilikuwa mfukoni mwa shati, vikawa uji. Picha nyingine haikuwapo. Baba hakupenda picha. Alikuwa akisema anayetaka kumwona aje nyumbani. Kwa hiyo mama hakumwona tena akiwa hai, hakumwona akiwa amekufa, na hakuwa na hata karatasi ya kutazama. Alikuwa akikaa na kutaja sehemu za uso wake moja moja, pua, nyusi, kovu la kidevuni, kisha siku moja akaniuliza kama kovu lilikuwa kulia au kushoto. Nikamwambia kushoto. Alilia kwa sababu alikuwa amesahau.

Hapo ndipo alipoikumbuka televisheni.

Kwanza alitaka kuiona ngome. Tulikwenda sisi wawili, asubuhi, na gari la watu wa mnada, na tukapanda kilima kwa miguu. Mnara mmoja ulikuwa umelala. Mbao nyingi zilikuwa zimeng'olewa, na mvua ileile iliyomchukua baba ilikuwa imeyayeyusha mawe yakawa magunia tena. Mama mmoja Mturkana alikuwa akikwangua plasta kwenye ubao ili akazibe nyumba yake.

"Habari, mama," akamsalimia mama yangu. "Kuna mbao nzuri bado huko nyuma. Chukua tu, hii nyumba haina mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa mzee wangu," mama akasema.

Yule mwanamke akamtazama, akaweka ubao chini, akampa pole. Mama alizunguka kote, mbele na nyuma, akigusa boriti. Nilimwonyesha jeneza lilipopita na mimi niliposimama. Akasimama hapo mahali pangu.

"Uso ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi, hooyo," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu.

Sikusema uongo mtupu. Mara mbili za kwanza ulikuwa wazi, na nilijipa moyo kwamba huenda Wazungu wangetumia mojawapo ya hizo, wakaondoa kipande cha wachungaji au kile cha mwendo wa haraka. Sikujua mambo yao. Nilijua tu kwamba mama yangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mvua, na sikuwa na roho ya kumnyang'anya.

Uongo huo nilikaa nao miaka mitano. Niliumaliza utoto nao, nikaanza kazi ya kushona mjini nao. Kila aliyetoka Nairobi mama alimwuliza kama ameona ngome kwenye televisheni. Watu walidhani anachanganyikiwa, na mimi niliacha wadhani hivyo, jambo ambalo linaniaibisha kuliko uongo wenyewe.

Kisha, katikati ya miaka ya themanini, mwalimu mmoja aliyekuwa miongoni mwa wabebaji wa jeneza alikuja mbio nyumbani kwetu. Kwenye ukumbi wa mji kulikuwa na televisheni iliyofungiwa katika sanduku la mbao lenye kufuli, ikifunguliwa Jumapili alasiri. Alikuwa ameona kilima chetu. Hadithi ilikuwa ndefu, alisema, ingeonyeshwa kipande kimoja kila Jumapili.

Mama akavaa buibui lake la Idi. Ukumbi ulikuwa wa wanaume na vijana wa miraa, si mahali pa mwanamke wa umri wake, lakini aliingia akasema salaam aleikum na kukaa kiti cha mbele, nami kando yake. Jumapili tatu tulikaa hivyo. Ngome ilikuwa nzima tena, minara yote miwili imesimama, na hakuna aliyeweza kujua ni magunia. Kila mara mwenye ngome alipotokea, yule mgeni aliyeharisha, mama aliinamisha macho kwa sababu hakuwa na haja naye.

Jumapili ya nne yule mwenye ngome akachomwa mkuki. Nilijua kinachofuata. Nilimwomba Mungu umeme ukatike, kama ulivyokatika siku ambazo hatukuhitaji ukatike.

Haukukatika. Lango likafunguka. Jeneza likatoka polepole, wanaume wa mtaa wetu chini yake, na juu yake mtu mrefu aliyefunikwa shuka jeupe mpaka juu ya kichwa. Walikuwa wameanza kuonyesha pale nilipomaliza kumfunika. Mimi mwenyewe sikuonekana, hata mkono. Na kwa kuwa shuka lilikuwa fupi, nilipolivuta juu lilikuwa limetoka chini. Miguu yake ilikuwa nje kuanzia vifundoni, nyayo zikitutazama, pamoja na kidole cha mwisho cha kushoto kilichopondwa na jeki ya lori kikapona kikiwa kimepinda.

Mama akasimama. Kijana mmoja nyuma akamwambia akae, anaziba.

"Miguu yake," mama akasema. Hakumwambia mtu. "Hiyo ni miguu ya mzee wangu."

Akanyoosha mkono kuelekea kioo, lakini jeneza lilikuwa limeshapita, na badala yake alikuwapo Mzungu wa chuma juu ya farasi akiongea. Tulisubiri mpaka mwisho. Hakurudi.

Tulitembea kwenda Wabera bila kuharakisha. Alikuwa ameshika mkono wangu, na aliushika vizuri tu, kwa hiyo nilidhani miguu imemtosha. Tulipopita msikiti akaniuliza.

"Si ulikuwa hapo. Nani alimfunika uso?"

Ningeweza kumtaja mtu yeyote. Wabebaji wote wangekubali kubeba hilo kwa ajili yangu.

"Ni mimi, hooyo. Watu walikuwa wanamwangalia."

Alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa mtu wa dini na alijua kwamba nilifanya inavyopaswa. Tukapita duka la kwanza, tukapita la pili. Mbele ya geti letu akasimama kutafuta ufunguo, na alipoupata hakuutia kwenye kufuli.

"Ungengoja kidogo tu," akasema.