Mpira wa Ahmada

Mwanahija alikuwa mwanamke wa kuheshimiwa pale Guangzhou, China, na heshima yenyewe aliijua uzito wake. Kila akija kutoka Dar es Salaam kununua mashuka alifikia hoteli ile ile ya mtaa wa Xiaobei, na wanawake wa Kiislamu waliolala hapo walimwachia yeye kuwasalisha. Safari ile, mwaka wa tisini na nane, alikuja pia na agizo la mdogo wake, Ahmada.

Ahmada ni mgema wa Pangani. Asubuhi na jioni hupanda minazi, akakata karara la ua kwa kotama, kisu chake cha kugemea, utomvu ukadondokea kibuyuni. Mkewe huuchemsha ungali mtamu ukawa asali ya tembo. Uliochelewa huchacha ukawa tembo la kulewesha, na huo nao, tuseme kweli, una wanunuzi wake. Kupanda mikono mitupu Ahmada anaweza bado. Kushuka na kibuyu kilichojaa ndiko kulikomwangusha akavunjika bega.

"Niletee mpira, dada," alimwomba, "utomvu ushuke wenyewe mpaka kwenye ndoo. Usiwe na harufu, maana utomvu hunywa harufu kama maziwa. Uonekane ndani, niujue ukishika utelezi. Na ustahimili maji ya moto ya kuuoshea, la sivyo tembo litachacha humo humo njiani. Ukikosea, napanda tena na kibuyu."

Haya. Siku moja Mwanahija akaenda duka la mipira na Hafidh, kijana wa Unguja anayejua Kichina, na Najat akawafuata. Huyu Najat ndiye aliyelala naye chumba kimoja, mtu wa dini, na hakujua kabisa kama Mwanahija ana ndugu mgema. Hakuna aliyejua. Alikuwa amewaambia wote mdogo wake ana shamba la minazi, akanyamazia hapo.

Mwenye duka, laobani kama wanavyoitwa huko, akauliza jambo. Hafidh akageuka. "Anasema kitapita nini ndani?"

"Maji."

"Ya kunywa?"

Mwanahija akamtazama Najat kwa pembe ya jicho. "Ya bustani."

Ukaletwa mpira wa kijani. Akaunusa, unanuka kama kandambili mpya. Akaukataa. Ukaletwa mweusi, akaukataa, huo hata ndani hauonekani. Ukaja wa tatu, laini, akauweka puani akakunja uso.

Hafidh akacheka. "Bi Mwanahija, kwani unamwagilia maua ya peponi? Laobani anasema mchicha hauna pua!"

Laobani akaanza kuizungusha mipira yake kuirudisha mahali pake. Mwanahija akaona mpira wa Ahmada unamponyoka hivi hivi, na mdomo ukatangulia akili: "Mwambie ni wa mgonjwa. Wa hospitali."

"Mgonjwa gani tena?" Najat akashtuka. "Si huyo mdogo wako wa Pangani?"

"Ndiye."

"Maskini! Na umekaa nalo moyoni siku zote hizi?" Pale pale, katikati ya mipira, Najat akainua mikono akamwombea Ahmada shifaa, apone, kwa jina lake, machozi yanamlengalenga. Hafidh naye akaacha kucheka, akainua yake. Wakawa wanamngoja yeye aseme amina.

Haikutoka. Kuitia amina dua ya uongo hakuweza. Akaugusa mkono wa Najat.

"Shusha mikono, Najat," akasema. "Haumwi. Ni mgema. Mpira ni wa tembo."

Najat akaishusha mikono polepole. "Mtu mzima wa afya anapanda minazi kwa nguvu zake," akasema, "wewe umemlaza hospitali?"

Najat angelitukana tembo, Mwanahija angepata la kujibu, kwani ulimi anao. Lakini hilo lilikuwa kweli. Akamwashiria Hafidh aseme.

Hafidh akamweleza laobani kwa Kichina na mikono, mti, kisu, matone. Laobani akasema "Aaa!" kama mtu aliyefunguliwa mlango. Akaleta mpira mweupe kama kioo, unaona vidole vyako upande wa pili, akakata kipande, akamimina humo maji ya moto ya chupa ya chai. Mwanahija akanusa, akaonja. Hakuna kitu, maji matupu. Akajaribu na ule laini wa tatu. Ukalegea, ukatoa harufu ya dawa. Akachukua mweupe.

Najat alikwisha tangulia njiani. Mwanahija akaubeba mzigo wake mwenyewe begani, na wa pale Xiaobei waliomwuliza ni wa nini akawajibu ni wa tembo, sauti chini, macho pembeni.

Jioni akapiga simu Pangani, kwa jirani mwenye simu. Ahmada akaja.

"Nimeupata. Hauna harufu, nimeuonja kwa maji ya moto."

"Alhamdulillahi! Uliujuaje?"

"Niliwaambia ni wa kugemea."

"Mbele ya wenzio?" Sauti ya Ahmada ilikuwa ndogo, kama aliyeumbuka ni yeye. "Ah, dada. Ungesema wa bustani tu. Mimi huwa sikasiriki."

Kumbe Ahmada alikuwa akijua kwamba dada yake anawaficha watu kazi yake, miaka yote ile.