Mzee Hamjui na Ua la Mwambani

Kituoni walimwita Mzee Hamjui, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka ishirini na sita alilinda msitu wa mlima ule, na haikupita siku bila kumwambia mtu, "Nyinyi hamjui kitu." Aliwaambia wanafunzi waliokuja na madaftari yao. Aliwaambia wapiga picha waliokuwa wakihema kabla ya kufika nusu ya njia. Hata mkuu wa kituo, bwana ambaye viatu vyake havijawahi kuonja tope, aliambiwa vilevile, ila akishageuza mgongo.

Tusimwonee, cha kudharau kilikuwepo. Mlima ule una ua dogo la buluu lisiloota mahali pengine popote duniani, na hata hapo lilikuwa limebaki kwenye kiraka kimoja chini ya mwamba, upana wa kitanda cha watu wawili. Lilichanua kwa siku kumi na moja tu, baada ya mvua za kwanza, basi. Siku nyingine zote lilikuwa majani ya hivi hivi tu. Mkuu wa kituo alitundika picha ya ua hilo juu ya kiti chake, akalisimulia mikutanoni kana kwamba ndiye aliyelizaa. Lakini mpeleke mwambani wakati wa kiangazi umuulize ua liko wapi, atakodoa macho tu. Mzee alilijua hilo, na lilimpa raha kuliko mshahara.

Aliyejisumbua kumfuata mpaka mwambani ni mpwa wake tu, kibarua kwenye kitalu cha miche. Siku moja binti huyo alichomeka vijiti vyenye ncha nyekundu kuzunguka kiraka. Kesho yake havikuwepo.

"Mjomba, umeving'oa?"

"Vya nini? Kumwonyesha mwizi pa kuchimba?"

"Na siku ukiwa hupo?"

"Mimi niende wapi?"

"Basi tuwaonyeshe hata wale watu wa usafi wa kituoni."

"Wale?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wale ukiwaonyesha ua watauliza linapikwaje. Na wewe acha kujitia mjuaji. Hujui kitu."

Kibarua cha binti kilipoisha akaenda zake mjini, akapata kazi kwenye duka la mbolea.

Halafu ugonjwa wa ngiri ukamlaza mzee hospitalini siku tisa. Siku hizohizo ikaja barua kwamba wageni wakubwa wanapanda mlima kuliona ua. Wakati wake wa kuchanua ulikuwa bado sana, lakini mkuu wa kituo angeyajulia wapi hayo? Aliamuru mwambani pasafishwe papendeze. Watu wa usafi wakapanda na majembe, wakang'oa majani yote mpaka mizizi, wakayachoma. Juu ya jivu wakapanda maua ya bustani, mekundu na ya njano, yaliyonunuliwa dukani na viriba vyake vya plastiki. Wakasimamisha na kibao: HAPA NDIPO LINAPOOTA UA ADIMU.

Wageni wakaja, wakachuchumaa kando ya kibao, wakapigwa picha, wakasifu, wakashuka. Wasomi wazima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mzee alirudi ameshikilia tumbo, akapanda moja kwa moja mwambani. Aliyatenga yale maua ya dukani, akapekua udongo kwa vidole. Jivu. Akapekua tena kwenye ufa wa mwamba, akapekua upande wa pili. Jivu tu.

Mama mmoja wa usafi alikuwa akiyamwagilia maua yake. Alipoona uso wa mzee akatua ndoo.

"Mzee wangu, kuna tulichoharibu?"

"Yale majani mliyochoma. Ndilo ua lenyewe lile."

Mama akashika kichwa. "Lile? Mungu wangu! Miaka saba nafagia ofisi ile, nasikia ua, ua. Hakuna aliyewahi kunionyesha, mzee. Sisi hatukujua."

"Nyinyi ham..." mzee akaanza kwa mazoea. Alimkumbuka mpwa wake. Alikumbuka pia alivyovivunja vile vijiti juu ya goti, kimoja kimoja, akijichekea.

Mlima mzima aliyejua ni mmoja tu. Akamwomba mama yule amshike mkono ainuke.