Siku Niliyomtunza Nora

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio hunipata moto, na wanijua mimi si mtu wa kuona haya upesi. Sijawahi kukusimulia. Nakusimulia leo kwa sababu ya ule ujumbe ulionionyesha jana kwenye simu, wa mwenzako wa kazini anayekualika kwao kwenye sikukuu yao. Uliniambia kwa Kizungu chako hicho kwamba hutakwenda, hujui watu wale wanakaaje wala wanakula vipi, usije ukafanya jambo ukachekwa. Nilinyamaza. Usidhani nilikubali, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Basi naanzia Woodbridge, huku huku Amerika, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, kabla hujazaliwa. Baba yako alikuwa anafanya kazi mbili, na mimi nimetoka Tanga juzijuzi, sina mtu. Nikapata kazi kwenye duka la kurekebisha nguo za harusi. Tulikuwa mafundi wawili kwenye meza moja ndefu: mimi huku na cherehani yangu, na upande wa pili bibi mmoja Muayalandi aitwaye Nora, nywele nyeupe, miwani kwenye ncha ya pua, mkali wa mapindo kuliko bosi mwenyewe. Pindo lako likipinda hakugombezi. Analifumua tu, anakurudishia nguo pamoja na uzi mpya.

Nora alikuwa na mazoea ya kuvumisha wimbo puani anaposhona. Haukuwa muziki wa redio. Sauti ilipanda mahali nisipotarajia, ikajizungusha kidogo, ndipo ikashuka. Mwanzo nilidhani ana msiba. Baada ya siku kadhaa nikajikuta nangojea ule mzunguko, sindano imesimama mkononi, kwa sababu kwetu mwimbaji wa taarabu naye huizungusha sauti vivyo hivyo kabla hajaitua, na mimi nimelelewa na mama asiyekosa taarabu. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anaimba lugha gani. Akasema Kiayalandi, lugha ya kwao. Nikamwambia sikujua kama wana lugha yao, nilidhani Kiingereza ndicho chao. Akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe, mtu wa Afrika, hujui Mwingereza akifika hufanya nini na lugha za watu?"

Tulicheka mpaka bosi akachungulia. Tangu hapo tukawa marafiki, na katika Amerika yote hii kubwa, ukimtoa baba yako, yeye ndiye niliyekuwa naye.

Akanieleza kwamba wao na Waskoti na Wawelisi na jamaa zao wengine huitwa Wakelti, na kwamba hapa pembeni mwa Washington wana kikundi kinachokutana kila majira yanapogeuka: baridi inapoingia, inapoanza kulegea, joto linapokuja, na wakati wa mavuno. Watu huja na ala zao na chakula chao. "Njoo Jumapili usikie wimbo mzima," akaniambia. "Hapa unasikia vipande tu."

Nikaenda. Ilikuwa ukumbi wa kanisa, saa za alasiri, majani ya njano yamejaa kwenye maegesho. Mlangoni mzee mmoja aliyevaa sketi ya drafti alikuwa anapuliza zumari lenye mfuko chini ya kwapa, nami nikasimama namtazama mpaka akaishiwa pumzi, nataka kujua ule upepo anauweka wapi. Ndani kulikuwa na fidla, filimbi, na kigoma cha ngozi kinachopigwa kwa kijiti kimoja. Wapigaji wamekaa duara, wanatazamana wao kwa wao, watu hawawatazami kabisa. Hilo lilinishangaza. Na hakuna anayetangaza kitu: wimbo mmoja ukiisha, yeyote anaanza mwingine, wengine wanamfuata. Nilikaa nyuma na chupa yangu ya chai, wao na bia zao, macho hayanitoshi.

Kisha mtu mmoja akalitaja jina la Nora, na ukumbi mzima ukanyamaza. Akaimba palepale kitini, amefumba macho, bila ala yoyote. Ulikuwa ule wimbo wa mezani, sasa mzima. Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilimwona mama yangu amesimama barazani siku ninaondoka Tanga, mkono ameshika nguzo, hataki kupunga. Nikalia, mwanangu, nikalia kweli. Na kwetu wimbo ukikufika namna hiyo hukai kitako. Umeona kwenye shughuli zetu. Unatoa noti, unaishika kwa vidole viwili, unainuka kwa madaha, unakwenda polepole na wimbo mpaka kwa mwimbaji, unamtunza. Ukikaa kimya umemnyima haki yake.

Nikainuka. Noti ya dola tano juu ya kichwa, mabega yanakwenda na sauti, nikaukatiza ukumbi wote wa mbao huku viatu vinalia. Nikafika, nikamwekea Nora noti kiganjani.

Akafumbua macho. Akanitazama kama mtu asiyenijua, maneno yakampotea, na wimbo ukakatika katikati. Huko nyuma kuna mtu alicheka, akajizuia. Mama mmoja wa kikundi akaja akanishika kiwiko kwa upole, akaninong'oneza kwamba kikapu cha michango kiko mlangoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye sinema za huku, noti za kupungwa vile hupelekewa wanawake wa namna gani. Kigelegele kilikuwa kimenifika kooni, nikakimeza. Nikachukua koti langu nikatoka, na Nora nimemwacha amekaa na ile noti mkononi, haimbi tena.

Jumatatu nilimwomba bosi anihamishie meza ya nyuma. Nikasema nataka mwanga wa dirisha. Uongo mtupu, dirisha lenyewe lilitazama ukuta. Nora hakusema kitu, nami ukimya wake nikautafsiri nilivyotaka: amekasirika, nimemdhalilisha mbele ya watu wake. Baridi ikaingia, tukawa tunapokezana nguo bila neno. Na kuna jambo lililoniumiza kuliko yote. Nora aliacha kuvumisha wimbo. Siku nzima duka lile lilikuwa na kelele za cherehani tu.

Aliyenikalia kitako ni Mama Shufaa, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa Mombasa, anakaa Temple Hills, upande mwingine wa Washington, na ndiye aliyekuwa akituimbia kwenye shughuli zetu zote. Nilikwenda kwake Jumamosi moja nikamwaga yote, nikitegemea atanipoza. Akaendelea kukanda unga wake wa mahamri.

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza, Mama. Nitamuulizaje na haya hizi?"

"Basi wajuaje kama ameudhika?" Akapangusa mikono, akanikabili. "Hizo si haya, mwanangu. Hicho ni kiburi. Wadhani ukumbi mzima walikwenda kulala wakitaja jina lako. Watu wana mambo yao. Na mimi mwimbaji nakwambia, wimbo ulimkatikia yeye, haukukukatikia wewe. Mwenzio ameumia, nawe umemkimbia miezi yote hii. Kamuulize."

Niliudhika njia nzima ya kurudi Woodbridge. Nilimwona Mama Shufaa katili, hana huruma na mgeni. Lakini kabla sijafungua mlango wa nyumba nilishajua kwamba kasema kweli.

Siku ya kazi nikabeba kiti changu mwenyewe, nikakirudisha kwenye meza ndefu. Nora akasimamisha cherehani.

"Nora, siku ile ulikasirika?"

"Mimi?" akasema. "Nilidhani wewe ndiye uliyekasirika. Umenijia na zawadi mbele za watu, nami nimeshindwa hata kuumaliza wimbo. Kesho yake ukahama meza. Nilitaka kukuuliza ile ilikuwa nini, ukawa hunitazami."

Fikiria, mwanangu. Watu wawili, chumba cha duka hakizidi hatua chache, kila mmoja amebeba kosa ambalo mwenzake hamdai. Nikamweleza habari ya kutunza. Nikamwambia kwetu maana yake ni kwamba neno ulilolisema ni langu, umeniimbia mimi.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniambia kwamba kijijini kwao, mtu akiimba wimbo mzito, aliyekaa karibu naye humshika mkono, akauzungusha polepole mpaka wimbo uishe, ili asiwe peke yake ndani ya wimbo. Yeye alikuwa akishikwa mkono na dada yake. Dada alibaki kule, na mwaka ule alikuwa amefariki. "Tangu nije Amerika hakuna aliyenisogelea ninapoimba," akasema. "Hapa husikiliza kwa heshima, kila mtu kitini kwake. Nilipohisi mkono kiganjani nikadhani ni yeye. Ndiyo maana maneno yakanikimbia, na hayajarudi. Najaribu nyumbani, nafika palepale, yanakatika."

Nikamuuliza kama kuna mwingine kikundini anayeujua wimbo ule. Akatikisa kichwa. Waliujua wawili, yeye na dada yake, naye sasa amebaki mmoja, na yeye mwenyewe amebaki na nusu.

Mkutano wao uliofuata ulikuwa mwezi wa pili, siku ya mtakatifu wao mmoja wa kike, ambayo kwao ndiyo baridi inaanza kufungasha. Nora hakutaka kwenda. Nikamwambia kama haendi yeye, nakwenda mimi peke yangu na noti zangu, na aibu itakuwa yake. Hapo akacheka, akavaa koti. Ukumbini watu walikuwa mezani wanasuka alama za mafunjo za kutundika juu ya mlango, na vidole vyangu vilivyozoea kusuka ukili wa mikeka kule Tanga vikaingia kazini vyenyewe, mpaka yule mama wa kikapu akaniomba nimwonyeshe ninavyokaza. Hakuna aliyegusia habari ya noti. Mama Shufaa alijua.

Jina la Nora likatajwa. Akatikisa kichwa kukataa. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi. Akafumba macho akaanza. Wimbo ukaenda vizuri, ukafika palepale, na pale ukasimama. Nilimsikia anavuta pumzi, na pumzi haina neno. Basi nikaanza kuuzungusha mkono wake polepole, namna alivyonieleza, kama mtu anayezungusha gurudumu la cherehani ya mkono. Mara ya kwanza, hakuna. Nikazungusha tena, na neno likaja, na nyuma yake lingine. Akaimba mpaka mwisho. Nilikuwa nimeogopa kuliko yeye, na wimbo ulipokwisha nilikuwa bado nauzungusha mkono wake.

Nora alikuja kwetu mara moja tu kwenye shughuli. Wanawake tumejaa nyumbani kwa Mama Shufaa, yeye mwenyewe anaimba, na Nora ameketi kwenye pembe na skafu ya kijani, anatazama kila kitu, anauliza kila kitu, hata biriani ameiuliza ina nini. Katikati ya wimbo nikamwona anafungua mkoba. Akainuka na noti juu ya kichwa. Mabega yake yalikwenda upande wake na ngoma upande wake, sikufichi, lakini madaha alikuwa nayo. Akakatiza chumba polepole mpaka kwa Mama Shufaa, akamtunza. Nyumba ikapasuka kwa vigelegele. Hakuna aliyemwambia kikapu kiko mlangoni.

Ilikuwa ile ile ya dola tano. Aliiweka siku zote ndani ya kasha lake la sindano. Mama Shufaa hakukatisha wimbo, aliipokea huku anaimba, akainama akamwekea kifuani mtoto aliyekuwa amepakatwa na mama yake katikati ya chumba. Shughuli ile ilikuwa arobaini yako.

Basi nisikilize, mwanangu, hata ukinijibu kwa Kizungu nitaelewa. Nenda kwa huyo mwenzako. Usichokijua, uliza, na uulize kwa hamu, watu hupenda kuulizwa habari zao. Kama utakosea, na huenda ukakosea, usikae ukajitungia hasira za mwenzako kichwani. Rudi kwake umuulize. Kukosea hakukunipotezea Nora, kilichotaka kunipotezea ni kuhama meza. Na ukimwona mtu yuko peke yake ndani ya jambo zito, msogelee, hata kama hujui kwao husogelewaje.

Noti yako iko kwenye kopo langu la vifungo. Sijaibadilisha, na mwenye nayo ni wewe. Njoo uichukue kabla hujaenda. Mungu akupe wa kukushika mkono maneno yakikukimbia, na akupe miguu ya kukatiza ukumbi.